Vijiti vya Siku za Hatari, Vipimo vya Mbegu na Huduma za Uzazi: Kipi Kinastahili Kutangulia

Wenzi wanaotafuta mtoto kwa muda mrefu hukutana na bidhaa nyingi kabla ya kukutana na daktari. Kuna vijiti vya kupima siku za hatari, vifaa vya kupimia mbegu za kiume nyumbani, vipimo vya damu vinavyouzwa kwa jina la akiba ya mayai, vidonge vya kuongeza mbegu, na kliniki zenye orodha ndefu ya huduma za ziada. Hapa tunazipitia kwa swali moja: bidhaa hii inajibu nini hasa, na jibu lake linabadilisha nini katika matibabu?

Tunatoa hukumu mapema. Kipimo cha manii kinachofanywa maabara kwa darubini ndicho chenye faida kuliko vyote tunavyovijadili, na ndicho kinachocheleweshwa kuliko vyote. Mwanamke hupitishwa kwenye ultrasaundi, vipimo vya damu, dawa za kupevusha mayai na hata upasuaji, ilhali mwenzake hajatoa sampuli hata moja. Hilo ni kosa la utaratibu, na linawagharimu watu miaka ambayo umri wa mayai hauirudishi.

Shirika la Afya Duniani linahesabu ugumba kuanzia miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga na bila mimba. Mwanamke akishatimiza miaka 35, vipimo vianze baada ya miezi 6. Akifikisha 40, vianze mara moja. Wapo pia wasiopaswa kusubiri hata kama ni vijana: mwanamke ambaye hedhi yake hupotea kwa miezi, aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi au maambukizi makali ya nyonga, na mwanaume aliyepasuliwa korodani, aliyetibiwa saratani, au ambaye korodani zake hazikushuka utotoni.

Vijiti vya siku za hatari

Kijiti hiki hupima homoni ya LH kwenye mkojo. Homoni hiyo hupanda ghafla kuelekea katikati ya mzunguko, na yai huachiliwa takribani saa 36 baada ya kuanza kupanda. Kwa kazi hiyo moja, kijiti ni kizuri. Shida huanza mtu anapokidai jibu ambalo hakikutengenezwa kulitoa.

Tuanze na matumizi, maana hapo ndipo vijiti vingi hupotezwa bure. Hesabu urefu wa mzunguko wako mfupi zaidi katika miezi ya karibuni, kisha toa 17. Siku inayobaki ndiyo ya kuanza kupima. Mwenye mzunguko wa siku 28 anaanza siku ya 11, na mwenye siku 32 anaanza siku ya 15. Siku ya kwanza ni ile damu ya hedhi inapoanza kutoka kikamilifu, matone ya awali hayahesabiwi. Pima kati ya mchana na jioni ya mapema. Kwa wanawake wengi LH huanza kupanda alfajiri na huchukua saa kadhaa kuonekana kwenye mkojo, kwa hiyo mkojo wa asubuhi, unaofaa sana kwa kipimo cha mimba, huweza kukosa kuonyesha kitu hapa. Kwa saa mbili kabla ya kupima usinywe maji mengi wala usikojoe, ili mkojo usiwe mwepesi mno.

Chovya kijiti hadi mstari wa mwisho ulioonyeshwa, usiupite, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelezo, kisha kilaze mahali pakavu na usome ndani ya muda uliotajwa. Mstari wa kipimo unapaswa kuwa mzito sawa na ule wa udhibiti au kuuzidi. Kuona mistari miwili tu hakutoshi. Hili linawachanganya wengi waliozoea kipimo cha mimba, ambamo mstari hafifu nao ni jibu. LH ipo mwilini siku zote kwa kiasi kidogo, hivyo mstari hafifu ni jambo la kawaida na maana yake ni kwamba bado. Kijiti kikirudiwa kusomwa baada ya nusu saa hubadilika kinapokauka, na kuamini rangi hiyo ni kujidanganya. Vihifadhi kwenye joto la kati ya nyuzi 2 na 30, katika vifuko vyake vilivyofungwa; ukivitoa kwenye friji na kuvifungua papo hapo unyevu huingia kwenye karatasi. Wapo wanawake ambao LH yao hupanda na kushuka ndani ya chini ya siku moja. Kama miezi miwili imepita bila jibu chanya na hedhi inakuja kwa wakati, pima mara mbili kwa siku kabla ya kusema yai halipevuki.

Jibu chanya likipatikana, siku ileile na inayofuata ndizo za kukutana. Hata hivyo, hatupendi namna ambavyo bidhaa hizi huuzwa kana kwamba kila kitu kinaanzia kwenye mstari ule. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5. Dirisha la mimba ni siku 6 zinazoishia siku yai linapotoka, na siku mbili za kabla yake ndizo zenye nafasi nzuri kuliko zote. Wenzi wanaojizuia wakingoja kijiti kiseme ndiyo, wamekwisha kupoteza siku kadhaa nzuri. Ute wa ukeni unapoanza kuwa mwepesi, unaovutika na kuteleza, waanze kukutana kila siku au siku moja baada ya nyingine. Kijiti kije kuthibitisha tu. Vile vya kidijitali vinavyopima pia homoni ya estrojeni hufungua dirisha mapema zaidi, na hiyo ndiyo faida yao ya kweli. Kwa upande wa LH yenyewe, stripu ya kawaida hufanya kazi ileile.

Sasa mambo ambayo kijiti hakiwezi. Mwanamke mwenye ovari zenye vivimbe vidogo vingi, hali inayojulikana kama PCOS, mara nyingi huwa na LH ya juu hata siku ambazo hakuna yai linalokaribia kutoka. Atapata chanya siku nyingi mfululizo, au chanya mara kadhaa kwa mzunguko mmoja, na zote zisiwe na maana. Mwanamke ambaye ovari zake zimechoka mapema naye huwa na LH ya juu muda wote. Sindano ya hCG, homoni ya mimba, inayochomwa kliniki ili yai lipasuke hufanana na LH kimaumbile na hukidanganya kijiti kwa siku kadhaa. Mimba changa pia huweza kufanya hivyo. Anayemeza klomifeni, dawa ya kupevusha mayai, angoje angalau siku 3 baada ya kidonge cha mwisho ndipo apime. Na hata kwa mwenye mzunguko safi, LH ikipanda si uthibitisho kwamba yai limetoka. Ni ishara kwamba mwili umetoa amri.

Uthibitisho uko kwenye damu: homoni ya projesteroni, inayopanda yai likishatoka, inayopimwa siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Kiwango kinachozidi nanogramu 3 kwa mililita kinaonyesha yai lilipevuka na kutoka. Kosa linalorudiwa kila mara ni kumwandikia kila mwanamke "siku ya 21". Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye siku 35 akipimwa siku ya 21 ataambiwa hapevushi yai, aanzishiwe dawa, wakati angepimwa siku ya 28 jibu lingekuwa jingine.

Kwa hiyo tunavipendekeza kwa mwanamke mwenye hedhi inayokuja kati ya siku 24 na 35, ambaye mwenzi wake husafiri au hawakutani mara kwa mara. Kwa mwenye hedhi inayoruka miezi, kijiti ni fedha iliyotupwa: hedhi hiyo yenyewe tayari imekwisha kusema kwamba yai halipevuki vizuri, na kinachohitajika ni vipimo vya damu vya homoni za TSH (ya tezi ya shingo), prolaktini (ya maziwa) na FSH (ya kukuza mayai na mbegu), pamoja na ultrasaundi.

Vifaa vya kupimia mbegu nyumbani

Viko vya aina mbili kuu. Aina ya kwanza hunasa protini ya mbegu na kutoa jibu la ndiyo au hapana dhidi ya kizingiti fulani, kwa mfano milioni 20 kwa mililita. Ya pili hutumia kamera ya simu na kuhesabu mbegu zinazotembea, na kwa maoni yetu hii ni bora, kwa sababu mbegu isiyotembea haifiki popote.

Hata hivyo hatuvipi alama ya juu. Mwanaume mwenye milioni 25 kwa mililita, karibu zote zikiwa zimelala, atafaulu kipimo cha kwanza. Vingi havizingatii ujazo wa manii, wala umbo la mbegu, wala kama manii yameyeyuka inavyopaswa. Na mwanaume ambaye hana mbegu hata moja hupata jibu lilelile la mwenye mbegu chache, ingawa njia zao za matibabu hazifanani hata kidogo. Faida yake ni moja: mwanaume anayekataa kabisa kwenda maabara huweza kukubali hiki. Jibu baya limpeleke maabara. Jibu zuri lisifunge mlango.

Kipimo cha manii maabara

Hii ndiyo huduma ya kuilipia kwanza, na pia ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi kuliko zote. Sehemu kubwa ya majibu mabaya yanayozunguka mikononi mwa watu yametokana na namna sampuli ilivyochukuliwa.

Mwanaume ajizuie siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo. Chini ya hapo idadi hushuka. Zaidi ya hapo idadi hupanda lakini mbegu zilizokufa na zilizochoka huongezeka. Atoe kwa punyeto, moja kwa moja kwenye chombo cha maabara chenye mdomo mpana, bila mate, mafuta, sabuni wala kilainishi. Kondomu ya kawaida haifai, kwani dawa na mpira wake huua mbegu; ipo kondomu maalumu isiyo na sumu kwa asiyeweza kutoa kwa punyeto. Kuchomoa katikati ya tendo nako hakufai, kwa sababu sehemu ya kwanza kutoka ndiyo yenye mbegu nyingi, na hiyo ndiyo hupotea. Ikimwagika, aseme. Fundi wa maabara hawezi kubuni kwamba nusu ya mbegu ilibaki sakafuni. Anayetolea nyumbani abebe chombo karibu na mwili, ndani ya nguo, afike maabara ndani ya dakika 30 na zisizidi 60. Sampuli isiwekwe kwenye barafu wala juani.

Maabara ikishapokea huyaacha manii yayeyuke kwa dakika 15 hadi 30, kisha hupima ujazo, uasidi, idadi, mwendo na umbo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unatoa vikomo vya chini hivi: ujazo mililita 1.4, idadi milioni 16 kwa mililita au milioni 39 kwa sampuli nzima, mbegu zinazotembea kwa jumla asilimia 42, zinazosonga mbele asilimia 30, zilizo hai asilimia 54, na zenye umbo la kawaida asilimia 4. Hiyo asilimia 4 huwashtua wengi. Wanasoma kwamba mbegu 96 kati ya 100 zina kasoro na wanadhani wameangamia, kumbe wamo ndani ya kawaida. Tena vikomo hivi vilitokana na wanaume ambao wake zao walipata mimba ndani ya mwaka mmoja: asilimia 5 yao walikuwa chini ya namba hizo na walizaa. Namba iliyo chini ya kikomo inapunguza uwezekano, haiufuti.

Ripoti nzuri huandika siku za kujizuia, saa sampuli ilipotolewa, saa ilipochunguzwa, na kama sampuli ilikuwa kamili. Ripoti yenye maneno "mbegu dhaifu" bila namba irudishwe. Na jihadharini na mstari unaosema kuna chembe za usaha. Chini ya darubini, chembe nyeupe za damu na chembe changa za mbegu zote huonekana za duara, na bila rangi maalumu ya kuzitofautisha huhesabiwa pamoja. Kutokana na mstari huo mmoja wanaume wengi hupewa dozi moja ya antibayotiki baada ya nyingine kwa ugonjwa ambao haupo. Kizingiti kinachotumika ni chembe nyeupe milioni 1 kwa mililita, zikiwa zimethibitishwa kuwa ni nyeupe kweli.

Jibu moja baya si hukumu. Kutengeneza mbegu huchukua takribani siku 74, ukiongeza muda wa kukomaa na kusafiri, karibu miezi 3. Homa kali ya wiki kadhaa zilizopita huweza kuonekana kwenye sampuli ya leo. Rudia kipimo, na muda wa kawaida wa kurudia ni miezi 3, isipokuwa jibu ni baya sana, hapo usisubiri.

Pasipoonekana mbegu kabisa, sampuli inapaswa kuzungushwa kwenye mashine ya sentrifuji na mashapo yake yachunguzwe tena kabla ya kuandika sifuri. Baada ya hapo swali ni moja: njia imeziba, au kiwanda hakizalishi? Manii machache yenye asidi huelekeza kwenye kuziba au kutokuwapo kwa mirija ya kupitisha mbegu tangu kuzaliwa. Kwa mwenye kisukari, manii machache huweza kuwa yamerudi kwenye kibofu, na mkojo wa baada ya kufika kileleni utaonyesha mbegu. Korodani ndogo na FSH ya juu huelekeza kwenye kiwanda. Hapo vipimo vya kromosomu vinafuata: hali ya XXY, yaani Klinefelter, na vipande vilivyokatika kwenye kromosomu Y. Kipimo hiki cha Y kinaokoa watu: mwenye upungufu kamili wa eneo la AZFa au AZFb hana matarajio ya kupatikana mbegu kwa upasuaji, kwa hiyo asipasuliwe. Aliyeziba, kwa upande mwingine, karibu kila mara mbegu zake huvunwa kwa sindano au upasuaji mdogo na kutumika kwenye IVF, yaani kutungisha mimba nje ya mwili.

Kuna sababu moja ambayo ni lazima iulizwe waziwazi, tena bila mke kuwapo chumbani kama itabidi: je, anatumia testosteroni, ya sindano, ya kupaka, au dawa za kujenga misuli? Homoni ikitoka nje, ubongo husitisha LH na FSH, na korodani husinyaa na kuacha kutengeneza mbegu. Tumeona kwa masikitiko kwamba testosteroni hupewa hata mwanaume anayelalamika kwamba hapati mtoto. Ni kinyume kabisa cha tiba. Aache, mbegu hurejea kwa wengi ndani ya miezi kadhaa, wengine hupita mwaka, na daktari huweza kuharakisha kwa hCG au klomifeni.

Mishipa iliyovimba kwenye korodani, yaani varikoseli, hupatikana kwa takribani asilimia 15 ya wanaume wote na kwa zaidi ya theluthi moja ya wenye ugumba. Upasuaji una maana pale mishipa inapogusika kwa mkono na manii yana kasoro. Ile inayoonekana kwenye ultrasaundi peke yake isipasuliwe. Matokeo hupimwa baada ya miezi 3 hadi 6, si wiki mbili.

Kipimo cha akiba ya mayai

AMH, homoni ya ovari inayopimwa kwenye damu, huuzwa siku hizi kama kipimo cha uwezo wa kuzaa. Sivyo. Inakadiria wingi wa mayai yaliyobaki, haisemi ubora wake wala kama mirija iko wazi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 ulifuatilia wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba. Wenye AMH ya chini hawakuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupata mimba kwa njia ya kawaida kuliko wenzao. Kazi yake halali ni kupanga dozi ya sindano za IVF. Mwanamke ambaye hajaanza hata kutafuta mimba hana cha kukifanya na namba hiyo ila hofu.

Jambo dogo linaloharibu vipimo vya homoni: vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi. Katika mashine nyingi za maabara huishusha TSH, FSH na prolaktini kwa uongo, na kuipandisha testosteroni au projesteroni kwa uongo vilevile. Viachwe siku mbili au tatu kabla ya kutoa damu, na kwa dozi kubwa sana maabara iulizwe.

Picha ya mirija

HSG ni eksirei inayochukuliwa huku dawa ya rangi ikipitishwa kwenye mlango wa kizazi. Huonyesha umbo la ndani la kizazi na kama mirija inapitisha. Hufanywa baada ya hedhi kuisha na kabla yai halijatoka, kwa kawaida kati ya siku ya 6 na 12. Inauma kama hedhi kali kwa dakika chache. Dawa ya maumivu kama ibuprofeni imezwe nusu saa hadi saa moja kabla. Anayejua aliwahi kuugua maambukizi ya nyonga aseme, maana picha yenyewe huweza kuyaamsha na antibayotiki ya kinga huhitajika.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba mrija ukikaza kwa maumivu karibu na kizazi huonekana umeziba. Mwanamke akiambiwa mirija yote imeziba pale penye maungio na kizazi, aombe kipimo kirudiwe au kithibitishwe kwa laparoskopi, yaani kamera inayoingizwa tumboni, kabla hajakubali jambo zito. Kuziba upande wa mwisho, mrija ukiwa umejaa maji, ni habari tofauti. Maji hayo hurudi kizazini na kupunguza sana mafanikio ya IVF, kwa hiyo mrija huondolewa au hufungwa kwanza. Kliniki inayopandikiza bila kuugusa mrija wa namna hiyo inamnyima mwanamke nafasi yake.

HSG ina faida ambayo wengi hawaielezwi. Katika utafiti wa Uholanzi wa 2017, waliotumiwa dawa ya rangi yenye mafuta walipata mimba iliyoendelea kwa asilimia 39.7 ndani ya miezi 6, dhidi ya 29.1 kwa waliotumiwa ya maji. Inafaa kuuliza ipi inatumika, ingawa ya mafuta hairuhusiwi kwa kila mtu, hasa mwenye matatizo ya tezi ya shingo.

Vidonge vya kuongeza mbegu

Zinki na asidi foliki ndiyo mchanganyiko unaouzwa zaidi kwa wanaume. Ulipimwa vizuri Marekani kwa wenzi 2,370: miligramu 30 za zinki na 5 za asidi foliki kila siku kwa miezi 6. Watoto waliozaliwa walikuwa asilimia 34 kwa waliotumia na 35 kwa waliopewa kidonge kitupu. Matokeo yalitoka 2020 na hayakubadilisha matangazo hata chembe. Hatuvipendekezi. Mwanamke, yeye, ameze asidi foliki mikrogramu 400 kila siku tangu anapoanza kutafuta mimba, kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto.

Matibabu yanayofuata

Kwa PCOS, letrozoli, dawa ya kupevusha mayai, ndiyo ya kuanza nayo: miligramu 2.5 kwa siku 5 kuanzia siku ya 3 ya hedhi, na huweza kupandishwa hadi 7.5. Utafiti mkubwa wa 2014 ulionyesha asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walizaa, dhidi ya 19.1 kwa klomifeni, na mapacha walikuwa wachache zaidi. Huduma inayogawa dawa hizi mwezi baada ya mwezi bila ultrasaundi hata ya mzunguko wa kwanza, na bila kipimo cha manii, hatuwezi kuisifu.

Kuweka mbegu zilizosafishwa moja kwa moja kizazini, yaani IUI, kunahitaji angalau mrija mmoja wazi na mbegu zinazotembea za kutosha. Mizunguko 3 au 4 ikipita bila mimba, faida ya kuendelea hupungua sana. IVF ina nafasi yake kwa mirija iliyoziba, mbegu chache mno, endometriosisi kali (tishu kama ya ukuta wa kizazi kuota nje yake), au njia nyepesi zilizoshindwa: sindano kwa siku 8 hadi 14, mayai huvunwa saa 34 hadi 36 baada ya sindano ya mwisho, kiinitete huwekwa siku ya 3 au ya 5. Kuchoma mbegu moja ndani ya yai, ICSI, ni kwa mbegu zenye kasoro. Kama manii ni ya kawaida hakuongezi watoto. Kukwaruza ukuta wa kizazi kabla ya kupandikiza kulipimwa kwa wanawake 1,364 na matokeo kuchapishwa 2019: asilimia 26.1 walizaa katika makundi yote mawili, waliokwaruzwa na wasiokwaruzwa. Huduma hiyo ikiwa bado kwenye orodha ya bei ya kliniki, ikatae.

Jambo la mwisho la kuipima kliniki nalo ni namna inavyojiandaa kwa ovari kuchochewa kupita kiasi, hatari inayowakabili zaidi wanawake vijana wembamba na wenye PCOS. Kwao kuna dawa ya kuchochea yai kutoka isiyo hCG, na viinitete huweza kugandishwa vyote vikasubiri mzunguko mwingine. Mwanamke anapaswa kuelezwa dalili kabla ya sindano ya kwanza: tumbo kujaa haraka, kutapika, pumzi kuwa fupi, mkojo kupungua, uzito kupanda kilo 1 au zaidi kwa siku. Akiona hayo aende hospitali siku hiyohiyo, na kliniki iwe imempa namba ya simu inayopokelewa hata usiku wa manane.